Miguu iliyotoka mbioni haitaki mikono mizito

Leo tuongee kukandwa, ila si kule kwa singo.

Wapo dada zetu wanaokimbia baada ya sala ya Alfajiri, ushungi kichwani na suruali pana, kutoka Kaole kwenda Bagamoyo mjini na kurudi. Hongera zao. Bibi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) na mara ya kwanza akamshinda, kwa hiyo sina neno na mbio. Neno langu ni namna tunavyoitendea miguu baadaye.

Ukikimbia masafa marefu, tuseme kilomita 21, na hukuyazoea, siku ile unaweza kujiona mzima. Maumivu hupanda siku ya pili na ya tatu. Ukiinuka kwenye sijda ndipo mapaja yanakukumbusha. Mtaani wanasema ni asidi imeganda mguuni. Siyo. Asidi ya lakteki hupungua ndani ya saa moja hivi ukishapumzika. Kinachouma ni nyuzi ndogo ndogo za misuli zilizochanika, na mwili unazitengeneza. Mimi fundi cherehani, nguo iliyofumuka siivuti.

Ndiyo maana sioni hekima ya kumwita mkandaji mwenye mikono ya kukandia maandazi, akubonyeze mpaka ulie, kisha msifu kwamba damu mbaya imetoka. Kuchua kunasaidia, lakini kwa upole: mafuta ya nazi ya uvuguvugu, kiganja wazi, kutoka kifundo kwenda juu. Ukitaka harufu, tia matone mawili ya mafuta ya karafuu humo kwenye nazi. Yenyewe peke yake yanachoma ngozi.

Na usikae kitako. Ukitoka mbioni ukashona gauni la mtu mpaka Adhuhuri bila kuinuka, utasimama kama gogo. Tembea polepole, bahari ikijaa ingia mpaka mapajani. Hata rakaa zako zinalegeza viungo. Asiyeweza kabisa kusimama dini imemruhusu kusali amekaa, ila uchungu huu wa kawaida usikukimbize kwenye kiti. Kula samaki, maharage, mayai, na ulale mapema. Kujinyoosha wengi wanakusifu. Kwa maumivu haya kunasaidia kidogo mno.

Ninapogombana na mashoga zangu ni kwenye vidonge. Diklofenaki tunazimeza kama pipi, tena wengine kabla hata ya kukimbia, ati wajikinge. Mwili ulioishiwa maji figo zake tayari zimeelemewa, na dawa hizo zinazidi kuzibana. Mwenye swaumu ndiye wa kujihadhari zaidi. Kunywa maji kwanza, na kama maumivu hayavumiliki, muulize daktari kabla ya kumeza. Na ukiona mkojo umekuwa rangi ya chai kavu, au mguu mmoja tu umevimba na kuuma, hayo si ya nazi na karafuu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mabibi harusi mnaokimbia ili gauni likae vizuri, mbio ndefu ya mwisho iwe walau wiki moja kabla ya singo. Somo hana habari na kilomita zako, yeye atakusugua tu.