Mume anayebeti ana leseni upande wake, mke ana nani?

Maneno haya ni kwenu mashoga zetu, na hasa nyinyi mabibi harusi watarajiwa.

Wengi wenu mnaolewa Dar. Mnavuka na boti, mnaanza maisha Mbagala, Tandika, Tandale au Mwananyamala, na wiki haiishi mnakutana na neno mkeka. Kwetu mkeka ni wa ukili, mama anakuwekea kwenye vyombo vyako. Kule ni orodha ya mechi ambazo mume ameziwekea hela kwenye simu. Timu moja ikifungwa, mkeka wote umechanika.

Kuna hoja inayopendwa siku hizi: maovu yasiwe kesi ya polisi, yapewe leseni, yasimamiwe, na serikali ipate kodi yake. Nusu ya hoja hiyo tunaikubali. Hatutaki mume wa mtu alale ndani kwa sababu ya mkeka, maana atakayepeleka chakula mahabusu ni huyo huyo mkewe.

Ila jamani, kwenye kamari Bara wameshajaribu. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ni ya 2003, na ipo Bodi inayotoa leseni. Mwaka 2017 Simba na Yanga, mahasimu wasiokubaliana hata rangi, zote mbili zilivaa kifuani jina la kampuni moja ya kubashiri. Mtoto wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Haya, pita mitaa ya Temeke jioni, utazame nani wamesimama mbele ya dubwi na sarafu mkononi. Wengine hata kiduara cha mashine hawakifikii vizuri.

Mwenzetu mmoja aliolewa Tandika. Mumewe si mlevi, na Ijumaa hakosi msikitini. Alichukua hela ya kodi ya nyumba ya miezi sita akaibeti, akitaka izae. Haikuzaa. Yule dada akaiweka rehani pete yake ya mahari, kisha akaenda ofisi moja ya mtaani kushtaki. Akaambiwa mume hajavunja sheria yoyote, kampuni ina leseni, warudi nyumbani wakaelewane.

Hapo ndipo tunapogombana na hao wanaosema "idhibitiwe". Kampuni ina mlango wa kuingilia, ni leseni. Serikali inao, ni kodi. Mchezaji anao, ni simu yake. Mke hana. Angekuwa ameibiwa na jirani angepokelewa kituoni. Kaibiwa na mkeka halali, hana pa kwenda. Mnasimamia nini basi, kama si makusanyo?

Qur'ani katika al-Baqara haikatai kwamba kamari ina faida kwa watu. Inasema dhambi yake ni kubwa zaidi. Tusiambiwe basi habari za mapato kana kwamba ndiyo kwanza tunazisikia. Sisi haramu tunaijua bila kuhitaji polisi, na leseni haiihalalishi. Tunachodai serikalini ni cha dunia hii: kiwekwe kikomo cha hela mtu anazoweza kubeti kwa mwezi, asiruhusiwe kubeti kwa mkopo wa simu, na mke mwenye ushahidi kuwa hela ya kodi na chakula imekwenda huko awe na pa kuomba namba ya mumewe ifungiwe. Na madubwi yaondoke njia wanazopita watoto wa shule. Mwenye kibanda anayempokea mtoto ndiye anayestahili pingu.

Nawe bi harusi, kabla ya nikahi mwambie walii wako asiishie kuuliza kazi na swala. Aulize kama kijana anabeti, aulize na mahari imetoka wapi. Si utovu wa adabu. Mkishaoana, kodi ya nyumba ilipwe siku hiyo hiyo hela inapopatikana, na risiti uiweke wewe.