Udongo Upimwe Kabla Ardhi Haijatikisika

Asubuhi ya Septemba 19, 1985, saa 1 na dakika 17, mwamba ulikatika chini ya pwani ya Michoacán, magharibi mwa Mexico. Kutoka pale hadi mji mkuu, Mexico City, ni zaidi ya kilomita 350, karibu sawa na kunyoosha kamba kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Kwa umbali huo mawimbi ya tetemeko huwa yamechoka. Na kweli, kusini mwa jiji, ambako chuo kikuu cha UNAM kimejengwa juu ya mwamba wa volkano, mitambo ilirekodi mtikisiko uliochoka. Mjini kati, mtambo mwingine ulirekodi mtikisiko wenye nguvu takribani mara tano ya ule. Mamia ya majengo yaliporomoka na maelfu ya watu wakafa chini yake.

Kilichowaua ni ziwa ambalo halionekani tena. Waazteki walijenga mji wao kisiwani, katika Ziwa Texcoco. Wahispania walipoutwaa wakaanza kulikausha ziwa, na jiji likatandazwa juu ya tope la mfinyanzi lililojaa maji. Wimbi likitoka kwenye mwamba mgumu na kuingia katika udongo laini hupunguza mwendo, na nguvu iliyokuwa imetapakaa njiani hujikusanya, wimbi likavimba. Tope la mjini kati liliyumba kwa mpigo wake wenyewe, takribani sekunde 2 kwenda na kurudi, na majengo ya ghorofa 6 hadi 15 yalikuwa na mpigo unaokaribiana nao. Mtoto aliye kwenye bembea, akisukumwa kidogo tu kila anaporudi, hupaa hata mama yake akapiga kelele. Ndivyo ghorofa zile zilivyosukumwa, mara baada ya mara, hadi nguzo zikakatika. Nyumba nyingi fupi za jirani zilibaki zimesimama.

Aliyesoma tukio hilo peke yake angedhani ameshaijua hatari ya jiji. Tarehe ileile, miaka 32 baadaye, tetemeko la ukubwa wa 7.1 lilitokea karibu zaidi, likiwa na mawimbi ya mpigo wa haraka. Safari hii ziliumia zaidi ghorofa za kimo cha kati, hasa upande wa magharibi wa ziwa la zamani, ambako tabaka la tope ni jembamba. Zaidi ya watu 200 walipoteza maisha jijini. Kwa hiyo kumbukumbu ya tetemeko moja haimtoshi mhandisi. Inambidi ayaulize na matetemeko ambayo hayajatokea bado, na hapo ndipo kompyuta inapohitajika.

Kazi yenyewe inaelezeka. Wataalamu huikata ardhi, ndani ya kompyuta, katika vipande kama maboksi yaliyopangwa ghalani. Kila kipande hupewa sifa zake: uzito wake, kasi ya wimbi linapopita ndani yake, na kiasi cha nguvu kinachomezwa njiani. Kisha ufa hupasuliwa kwa hesabu, na kwa kila sehemu ndogo ya sekunde kompyuta hukokotoa jinsi kila kipande kinavyomsukuma jirani yake. Gharama ni kubwa. Anayetaka kuona mawimbi yenye mpigo wa haraka maradufu lazima avipunguze vipande kwa nusu katika urefu, upana na kina, na hatua za muda nazo kwa nusu. Hesabu inaongezeka mara 16.

Mwaka 2004 watafiti wa California walifanya hesabu ya namna hiyo waliyoiita TeraShake. Walichukua bonge la ardhi lenye urefu wa kilomita 600, upana wa 300 na kina cha 80, wakaligawa katika vipande bilioni 1.8, kila kimoja cha mita 200. Wakaupasua ufa wa San Andreas kutoka kusini-mashariki kwenda kaskazini-magharibi. Walichokiona ni kwamba mabonde yaliyojaa mashapo laini, yaliyopangana mfululizo, yaliyapokea mawimbi na kuyapitisha kama mfereji unavyopitisha maji, moja kwa moja hadi Los Angeles. Kwa ramani ya umbali tu, mtu asingelijua hilo.

Hesabu hizo hazikuishia maktaba. Mwaka 2008 Shirika la Jiolojia la Marekani na washirika wake walitoa simulizi ya tetemeko la kufikirika la ukubwa wa 7.8 kwenye ufa huohuo: vifo takribani 1,800, hasara ya zaidi ya dola bilioni 200. Mwaka 2015 Jiji la Los Angeles likapitisha sheria ya kuwalazimisha wenye majengo kuyaimarisha yale dhaifu, maelfu kwa idadi. Modeli ilipata thamani siku ilipoingia katika masharti ya ujenzi.

Wapo wanaodai kwamba sayansi hii haiaminiki, kwa sababu wataalamu waliwahi kutabiri tetemeko la Parkfield, California, litokee kabla ya mwaka 1993, nalo likaja 2004. Huko ni kuchanganya mambo mawili. Modeli ya mtikisiko haitaji siku. Inajibu swali jingine: ufa huu ukikatika, mtaa gani utatikisika zaidi, na majengo ya kimo gani yatakuwa hatarini? Jibu hilo nalo lina ubora wa taarifa zilizoingizwa. Kompyuta isiyoambiwa ukweli kuhusu udongo itachora picha nzuri ya jiji lisilokuwapo.

Na hapo ndipo Afrika Mashariki ilipo na deni. Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliutikisa mkoa wa Kagera, Tanzania, watu wasiopungua 17 wakafa, maelfu ya nyumba zikabomoka au kupata nyufa, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikafungwa. Ukubwa huo si wa kutisha kwa Bonde la Ufa. Tetemeko la Rukwa la Desemba 1910 linakadiriwa kuwa la 7.4, yaani lilitoa nishati zaidi ya mara 150 ya lile la Kagera. Wakati ule hapakuwa na ghorofa za kuanguka. Sasa zipo. Agosti 12, 2020, tetemeko lililotokea chini ya bahari, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam, liliwatoa mbio usiku wakazi wa majengo marefu ya jiji hilo. Na majengo yenyewe si ya kuaminika yote: Novemba 2024 jengo moja la Kariakoo, jijini humo, liliporomoka na kuua watu bila ardhi kutikisika hata kidogo.

Kusubiri kompyuta ya mabilioni ni kisingizio kibovu. Programu kama SPECFEM3D hupatikana bure, na eneo la mtaa mmoja halihitaji maboksi bilioni. Kinachokosekana ni taarifa za udongo, na nyingi zimeshakusanywa. Ghorofa linalojengwa kwa utaratibu huanza kwa kuchimba mashimo ya kupima udongo. Mwenye jengo hulipa, mhandisi huisoma ripoti, kisha karatasi hulala kabatini.

Halmashauri za Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Bukoba ziweke sharti moja katika kibali cha ujenzi: ripoti ya udongo iwasilishwe pia kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, ihifadhiwe mahali ambapo vyuo vikuu vinaweza kuisoma. Sharti hilo halimwongezei mwenye jengo gharama ya maana. Mashimo yameshachimbwa na fundi ameshalipwa. Kinachodaiwa ni nakala moja.