MAMBO YA NYUMBANI: Hesabu Kwanza, Paa Baadaye



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya malezi na matumizi ya nyumba. Mwezi huu tumeona yafaa tuseme juu ya jambo ambalo kila Jumamosi na Jumapili twaliona likifanywa hapa Babati: baba wa nyumba amepanda juu ya bati, mwanawe ameshika ngazi, nao wafunga kioo cha umeme wa jua, yaani sola. Ni kazi njema, na mtoto hujifunza mengi ndani yake. Walakini wengi huianza juu ya paa, na hali mahali pake pa kuanzia ni mkekani, kwa daftari na kalamu.

Twaijua nyumba moja nje kidogo ya mji, ambayo mama yake ni mjane mwenye mayatima wanne. Alitoa fedha zilizobakia katika mirathi akanunua sola, naye muuzaji alimhakikishia ya kwamba kwa kioo kimoja cha wati 50 na betri kuukuu ya lori atawasha taa, televisheni na pasi. Pasi haikupata moto hata siku moja. Taa ziliwaka miezi michache. Ulipofika mwezi wa Ramadhani zikawa zazimika kabla ya daku, na watoto wakarudi kudurusu juzuu zao kwa kibatari, moshi machoni. Fedha ya mayatima si fedha ya kujaribia. Mama yule alikuwa na bidii tele. Alilokosa ni mtu wa kumfanyia hesabu, na hesabu yenyewe haimshindi mtoto wa darasa la saba.

Elimu hii si ya jana. Mfaransa Edmond Becquerel aligundua mwaka 1839 kwamba mwanga waweza kuzaa umeme, na mwaka 1954 wataalamu wa maabara ya Bell huko Marekani walionyesha kioo kilichogeuza kama sehemu 6 katika 100 za mwanga kuwa umeme. Vioo vya leo hufikia sehemu 20 na zaidi. Lakini kioo hakiumbi nguvu. Chatoa kwa kadiri ya jua kilichopata, wala hakizidishi kwa sababu ya maneno ya muuzaji.

Basi na tuhesabu. Andika kila chombo, wati zake, na saa kitakazotumika kwa siku, kisha zidisha. Taa 4 za wati 5, kwa saa 5, ni 100. Redio ya wati 5, kwa saa 6, ni 30. Simu tatu, kama 10 kila moja, ni 30. Televisheni ndogo ya wati 20, kwa saa 4, ni 80. Jumla ni 240. Ongeza robo, kwa kuwa nguvu hupotea katika waya na betri, upate 300. Sasa itazame pasi: ni wati 1,000, na nusu saa yake ni 500, zaidi ya matumizi ya nyumba nzima kwa siku! Hapo ndipo utajua kwa nini fundi mwaminifu hukwambia, "Pasi iache kwa mkaa."

Katika siku nzuri, hapa petu twapata kiasi cha saa 5 za jua kamili. Usizitegemee zote. Masika yana mawingu, na miezi ya Juni na Julai ni ya baridi na ukungu. Hesabu saa 4: gawanya 300 kwa 4, utapata 75. Kwa hivyo nunua kioo cha wati 100, si cha 50.

Betri nayo ina hesabu yake. Gawanya 300 kwa volti 12: ni ampia-saa 25 kwa siku. Weka akiba ya siku mbili zisizo na jua, iwe 50. Betri ya risasi na asidi haitaki kutumiwa zaidi ya nusu yake, kwa hivyo yahitajiwa ya 100. Ile ya lithiamu huweza kutumiwa hata sehemu 80 katika 100, kwa hivyo ya 65 hivi yatosha, ingawa bei yake ni kubwa. Na betri ya kuwashia lori iache katika lori: imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, si kutoa kidogo kidogo usiku kucha.

Sasa panda juu. Babati ipo nyuzi 4 hivi kusini ya Ikweta, na katika miezi ya baridi jua hupita kaskazini. Kielekeze kioo huko kwa mwinamo mdogo, kama nyuzi 10, ili mvua nayo ipate kukisafisha. Acha nafasi ya kiganja kati ya kioo na bati, maana joto hupunguza umeme. Kata tawi la mwembe linalotupa kivuli, kwani kivuli cha sehemu moja huweza kudhoofisha kioo kizima. Vumbi la kiangazi lioshe alfajiri kwa maji matupu, si adhuhuri kioo kikiwa cha moto.

Wapo ndugu zetu wafanya biashara wazungukao minadani, huko Katesh, Mbulu na Kondoa, nao hulala garini. Hesabu yao ni hii hii, na mambo mawili juu yake. La kwanza, betri ya taa iwe mbali na betri ya injini, asije mtu akaamka porini gari haliwaki. La pili, gari hutaka kivuli na kioo hutaka jua. Basi afadhali kioo cha kushushwa, chenye waya mrefu, kuliko kilichopigiliwa juu ya gari.

Mwisho, khatari. Weka fyuzi karibu na betri. Unganisha kidhibiti cha chaji kwa betri kwanza, ndipo kioo. Betri ya asidi isilale chumbani na watoto, kwa kuwa hutoa hewa iwezayo kulipuka. Ikifa, usiipasue uani: risasi yake hudhuru akili za watoto. Mrudishie muuzaji au mnunuzi wa betri kuukuu.

Na wewe ujuaye hesabu hii, jirani yako mjane akitaka kununua, usingoje aje kukuuliza. Chukua daftari, umwendee kabla hajafungua kibindo.