Ngomeni si mahali pa kunakili tarehe

Muhula uliopita niliandamana na wanafunzi wangu wa shule ya upili hadi Ngome ya Yesu, Mombasa. Tuliingia saa nne. Saa tano tulikuwa nje tukinywa madafu. Kila mmoja alikuwa na daftari lililojaa tarehe alizonakili kutoka kwenye maelezo: Wareno walianza kujenga mwaka wa 1593, Waomani wakaizingira ngome 1696 na kuitwaa 1698. Nami nilijiona nimefanya kazi.

Ndani ya basi msichana mmoja akaniuliza, “Mwalimu, mawe yale yote yalibebwa na nani?” Nikamweleza habari za Cairati, Mwitaliano aliyechora ramani ya ngome, hali nikijua fika kwamba hakuniuliza habari za mchoraji.

Wapo watakaosema mtihani hauulizi mambo kama hayo. Huenda. Lakini tarehe zimo vitabuni, na mzazi hana haja ya kulipa nauli ili mwanawe akazisome ukutani. Kitabu hakiwezi kumsimamisha mtoto ndani ya kuta ambamo, mwaka wa 1631, Sultani Yusuf bin Hasan aliwageukia Wareno na kumuua kapteni wao. Mtu huyu walimlea wenyewe huko Goa, wakambatiza na kumpa jina la Dom Jerónimo! Kilimgeuza nini? Swali hilo pekee lingetosha kipindi kizima, tena kabla ya safari.

Kisha kuna ya juzi juzi. Tangu 1895 hadi 1958 Waingereza waliifanya ngome hiyo kuwa jela. Hizo si zama za kale. Wangali hai wazee waliozaliwa wakati kuta hizo zikiwafungia watu. Mji wa Kale uko hatua chache kutoka langoni, nasi hatukumtafuta hata mzee mmoja wa kutusimulia.

Mwaka huu tunarudi, na ningependa walimu wenzangu wajaribu jambo hili pia. Nimewagawa wanafunzi katika makundi, kila kundi na swali lake, na saa ya kwanza hakuna daftari litakalofunguliwa. Kundi la mawe ya matumbawe linaongozwa na yule msichana. Tayari ameniarifu kwamba saa moja haitamtosha.