Tarehe 8 Machi Tutakula Wapi, na kwa Pesa Gani?



Juma lililopita tuliongea juu ya pesa ya masomo, na wengi walitoka pale na uso mzito. Juma hili tuongee juu ya kula. Tena si bukari ya nyumbani, bali kula hotelini, kwenye meza yenye kitambaa, mtu mwingine akileta sahani na mtu mwingine akiziosha.

Kuna wanaosema hiyo ni anasa, na kwamba mama mwenye akili hawezi kulipia sahani moja pesa ambayo ingenunua ndoo ya unga. Sisi hatukubali. Mwanamke anayewasha mbabula kila asubuhi mwaka mzima, anayekula mwisho baada ya kila mtu, na mara nyingi akiwa wima, ana haki ya kukaa siku moja aulizwe: “Mama, utakunywa nini?” Hakuna dhambi hapo. Taabu yetu iko kwenye namna tunavyolipia.

Mnajua wenyewe namna tarehe 8 Machi inavyopita hapa Lubumbashi. Vitenge vya mwaka vinatoka, tunashona, tunapanda bisi, tunajaza restora. Tarehe 9 hesabu inaanza. Mmoja alikopa kwa jirani. Mwingine alichukua pesa ya makala. Wa tatu hakufika kabisa, alituma mtoto kusema anaumwa kichwa. Huyu wa kichwa ndiye anayetuhangaisha zaidi kuliko wale wenye deni, kwa sababu deni linalipwa, lakini mama aliyekaa nyumbani siku ya wanawake kwa haya ya elfu kumi za franka hatakuambia. Juma lijalo ataanza kukosa mkutano. Baada ya miezi mitatu mtasema amehama kikundi, na hakuna atakayejua kwa nini.

Kwa hiyo tunawapa pendekezo ambalo wengine hawatalipenda: bei ya sikukuu ipangwe na mwenye uwezo mdogo kuliko wote katika kikundi, bila yeye kujulikana.

Inafanyika hivi. Kila mama anapewa bahasha na punje za maharagwe. Punje moja ni franka 500. Anakwenda pembeni, anaweka punje sawasawa na pesa anayoweza kutoa kila juma bila kugusa chakula cha watoto, anafunga, anarudisha. Bahasha hazina jina. Mwekahazina anazifungua mbele ya wote, na bahasha yenye punje chache ndiyo mchango wa kila mmoja. Asiyejua kuandika anashiriki sawa na mwalimu. Msianze kutafuta ni bahasha ya nani. Mkianza hivyo, mwaka ujao wote watadanganya.

Tuseme bahasha ndogo ina punje nne. Hiyo ni franka 2.000 kwa juma. Tukianza katikati ya mwezi wa kumi na mbili, tuna majuma 12 mpaka tarehe 8 Machi, basi kila mama atakuwa na franka 24.000. Kikundi cha wamama 18 kitakuwa na franka 432.000. Sasa ndipo tunaanza kutafuta restora inayoingia katika 24.000. Vikundi vingi vinaanza kwa upande mwingine: wanachagua hoteli kwanza kwa sababu fulani alipiga picha pale, kisha wanawabana watu watoe.

Na hiyo pesa isichanganywe na nyingine. Katika AVEC zetu kuna hisa, na kuna sanduku la kusaidiana kwa ugonjwa na msiba. Tumesikia sehemu fulani wakisema, “Sanduku la kusaidiana limejaa, mwaka huu hakufa mtu, tulile.” Hapana! Mwaka haujaisha. Likelemba nayo isiguswe, maana zamu ya mtu ni ya mtu. Huenda ameshaiahidi kwa mwenye nyumba. Pesa ya sikukuu iwe na mfuko wake na daftari lake.

Sasa tuingie hotelini. Hoteli kubwa za mji wetu zinaishi kwa wageni wa migodi na wa serikali, watu ambao mara nyingi halipi yeye bali kampuni yake. Bei zao zimepangwa kwa wale, mara nyingi kwa dola. Wengi wetu Karavia tunaijua kwa nje tu, tukipita barabarani. Mama akiingia bila kuuliza kitu, analipa kama mgeni wa kampuni, na hana kampuni.

Kitu cha kwanza cha kutazama kwenye karatasi ya vyakula kimeandikwa kwa herufi ndogo, pengine chini kabisa. Ukiona HT, maana yake kodi haijaingia. Ukiona TTC, kodi imo ndani. Kodi yenyewe ni TVA, ilianza nchini kwetu mwaka 2012, na ni 16 kwa mia. Turudi kwenye 24.000 yetu. Sahani imeandikwa 20.000, kikundi kinashangilia: inabaki 4.000 ya kunywa na ya bisi! Lakini kama ni HT, sahani ile ni 23.200. Imebaki 800, na hata maji hujaagiza. Sahani ya 15.000 HT inakuwa 17.400, inabaki 6.600, na hapo mtu anaweza kunywa kitu na kurudi nyumbani bila kutembea kwa mguu. Haya ndiyo magumu ya hesabu yote, na hayazidi darasa la tano.

Pili ni bei ya dola. Kama karatasi inasema dola na nyinyi mtalipa kwa franka, ulizeni wanahesabu dola moja kwa franka ngapi, maana kila nyumba ina hesabu yake, na mara nyingi haifanani na ya yule mama anayebadilisha pesa kando ya barabara. Afadhali mpewe bei kwa pesa ileile mtakayolipa. Na mkiamua kulipa dola, mzitazame mapema: noti iliyopasuka hata kidogo pembeni itakataliwa, na hapo mezani, mbele ya watu, si mahali pa kuanza kubishana.

Vinywaji ndivyo vinavyokula pesa kuliko chakula. Chupa ya maji unayonunua dukani kwa bei yake, hotelini inakaa juu mara mbili, mara tatu. Chupa ya Simba hivyo hivyo. Mama mmoja akiagiza tatu na mwenzake moja, kisha fakitire ikagawanywa sawa, kuna mtu amenywa pesa ya mtu. Mkubaliane kabla: mfuko unalipia kinywaji kimoja kwa kila mama, na anayetaka cha pili analipa palepale kwa mkono wake kinapoletwa. Ikiandikwa tu “tutaona mwisho,” mwisho haionekani.

Tatu, watumeni wamama wawili majuma matatu kabla, mchana, saa ambayo restora haina watu. Waombe kumwona mkubwa wa restora mwenyewe, wamwambie: sisi ni 18, tuna 24.000 kila mmoja, tunataka sahani moja kwa wote, kuku au samaki pamoja na wali au makemba na mboga, na kinywaji kimoja, kodi ndani. Unatupa nini? Namna hiyo inasaidia pande zote, maana kupika sahani 18 za namna moja ni rahisi kuliko kupika namna 18, naye anajua hivyo. Akikubali, aandike proforma yenye tarehe, idadi, bei TTC, na muhuri. Neno la mdomo halitoshi, kwa kuwa siku ile huenda mtu mwingine ndiye yuko kazini. Muulize pia kama keki ya kutoka nje inaruhusiwa, maana kuna mahali wanaitoza pesa, na kama kuna mahali pa watoto. Samaki mzima anayeuzwa kwa ukubwa wake asiagizwe mpaka bei yake isemwe akiwa bado mbichi.

Wengine watauliza: na kama 24.000 haitoshi hapo tunapopataka? Basi kuna njia. Sahani ya siku, ile ya mchana wa katikati ya juma, huwa iko chini kuliko karatasi ya usiku. Au mwende saa kumi jioni mnywe chai na kipande cha keki: kiti ni kilekile, bustani ni ileile, picha itakuwa ileile. Au mhame siku. Mwezi wote wa tatu kwetu ni mwezi wa mwanamke, na tarehe 8 yenyewe ndiyo siku mbaya ya kula nje, maana jiko limelemewa, mnangoja saa mbili, na bei ya siku ile imepanda. Jumamosi inayofuata mtapokelewa kama watu. Tena malewa safi, yenye mama anayejua kupika sombe na michopo iliyotoka motoni, si aibu. Tumekula mahali pawili na kuku wa malewa alishinda wa hoteli bila shida.

Baadhi ya vikundi vimetuuliza juu ya jambo kubwa kuliko chakula: kutoka kabisa mjini na watoto, kwenda kulala mahali. Tunaona ni vizuri, lakini si katika mwezi wa tatu. Mvua bado iko, na njia za udongo hazina huruma. Mngoje likizo kubwa, mwezi wa saba au wa nane, wakati wa kiangazi. Usiku ni baridi kwetu wakati huo, basi mablangeti.

Kwa mara ya kwanza msiende mbali. Likasi iko karibu kilomita 120, njia ni ya lami, na mtu anaweza kwenda asubuhi, kulala usiku mmoja, na kurudi. Wenye kikundi kikubwa wanaweza kuuliza habari za njia mpaka Mwadingusha, kwenye mto Lufira, ambako watoto wataona mahali umeme wa migodi ulipotengenezwa tangu mwaka 1930, na ziwa lile la Tshangalele lililozaliwa na ukuta wa maji, ambalo samaki wake tunawala bila kujua wametoka wapi. Kwa mtoto wa darasa la sita hilo ni somo kuliko kurasa kumi za kitabu.

Kulala si lazima hotelini. Nyumba za wageni za misheni na vituo vya mapokezi huwa safi, bei ya chini, na mlango unafungwa mapema, jambo ambalo mama mwenye watoto halilalamikii. Pigeni simu kabla. Maji yanatoka? Umeme ukikatika kuna jenereta? Chai ya asubuhi imo katika bei au inalipwa kando? Watoto wawili wanaweza kulala na mama bila kulipishwa? Chakula cha njiani kitoke nyumbani: mayai ya kuchemsha, karanga, vitumbua, ndizi. Bukari iliyopoa ndani ya bisi haifai, msijaribu.

Kuna mahali pamoja tu ambapo tunasema msipunguze hata franka: gari. Njia ya Likasi imejaa malori ya migodi, mchana na usiku, mengine yamebeba asidi. Kikundi kikikodi bisi, wamama wawili waende kuiona siku moja kabla, watazame matairi, wajaribu taa, wamwangalie dereva usoni na kumuuliza maneno mawili matatu. Bisi ya watu 18 ibebe watu 18. Mtoto wa magotini naye ni mtu. Kuondoka ni asubuhi kukiwa kumepambazuka, na kurudi jua likiwa bado juu. Dereva akifika ananuka pombe, safari imekufa, hata kama pesa ya kutangulia imeshaliwa. Hiyo ndiyo sababu pesa ya kutangulia iwe ndogo, nusu isizidi, na iandikwe kwenye karatasi yenye nambari ya gari.

Kila mama mkubwa awe na kadi yake ya uchaguzi mkononi, si chini ya mzigo juu ya bisi.

Majuma yanaanza kuhesabiwa sasa, na mwezi wa kwanza una masomo yake, kwa hiyo msingoje. Vikundi vitakavyofanya bahasha za maharagwe vitujulishe kiasi kilichotoka, bila majina. Na kila kikundi kitakachopata proforma kwenye restora yoyote kituletee nakala kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi wa pili, tuziweke pamoja mezani. Restora inayowapa kikundi kimoja 15.000 na kuwaambia wengine 20.000 kwa sahani ileile, tunataka tuione.