PIKAPU KUUKUU HAIPONYWI KWA RANGI

Imekuwa desturi kwa walimu na watumishi wengi kukopa katika chama cha akiba na mikopo ili kununua pikapu iliyokwisha kutumika. Jambo hilo halina lawama. Gari la mizigo, hata likiwa kuukuu, ni nyenzo ya kazi: hubeba mazao, mbao na saruji, na huongeza kipato cha nyumba. Lawama huanza pale mwenye gari anaposhika fedha ya matengenezo, kwani hapo wengi wetu hutanguliza macho tukaiacha akili nyuma.

Haya nimeyaona katika ukoo wangu. Kaka yangu, mwalimu wilayani Lushoto, alinunua pikapu ya zamani akabakiwa na akiba ndogo. Aliipaka rangi, akatia redio, akaongeza majani ya springi ili ibebe zaidi. Breki aliziahirisha hadi mavuno. Siku moja, akiteremka kwenda Mombo na shehena ya viazi, pedeli ya breki ilizama hadi sakafuni. Aliokolewa na gia ndogo na ukingo wa mlima, ambao aliuegemezea ubavu wa gari mpaka likasimama. Utingo wake alivunjika mkono.

Fundi alipochunguza alikuta mafuta ya breki hayajabadilishwa kwa miaka mingi. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani. Breki zikipata moto katika mteremko mrefu, maji yaliyomo hugeuka mvuke, na kwa kuwa mvuke hubonyea, nguvu ya mguu haifiki kwenye magurudumu. Chupa ya mafuta hayo ni rahisi mno kuliko redio.

Kwa hiyo mwenye fedha kidogo hana budi kufuata utaratibu. Kwanza atengeneze kile kinacholisimamisha na kuliongoza gari: breki, usukani, tairi na taa. Tairi zisipimwe kwa kashata peke yake. Ubavuni mwake zina tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, na 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pili ni upoozaji wa injini, kwani mpira wa rejeta uliopasuka, ukipuuzwa, huweza kupinda silinda hedi na kumgharimu mtu mshahara wa miezi. Tatu ni kutu ya chesisi. Mapambo na maongezeko yaje mwisho. Hata majani ya springi yana hila: huinua bodi, lakini hayaongezi uwezo wa breki wala wa ekseli.

Wapo watakaosema kwamba spea halisi ni ghali. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kununua kwa awamu. Mlango, taa au stata iliyotoka katika gari jingine yaweza kufaa kuliko ya bandia iliyo mpya. Lakini brekishuu na mipira ya breki visinunuliwe mitumba hata siku moja.

Tusidhani kwamba kosa hili ni la watu binafsi tu. Katika ofisi nyingi limo gari lililolala juu ya mawe kwa sababu ya matengenezo madogo yaliyoahirishwa, ilhali daktari wa mifugo au mkaguzi wa shule anatafuta usafiri wa kwenda vijijini.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Napendekeza vyama vyetu vya akiba na mikopo visitoe fedha ya kununua gari kuukuu bila taarifa ya fundi aliyelikagua, na sehemu ya mkopo itengwe kwa breki na tairi kabla gari halijapakia mzigo wa kwanza. Kaka yangu analipa mikopo miwili sasa: wa gari, na ule aliochukua kumtibia utingo.