Timu ya Utotoni Haihamwi

Watu wangu, acheni kuambia shabiki wa timu inayopoteza ahame. Timu ya utotoni si laini ya simu. Chicago Cubs, timu ya besiboli kule Marekani, ilikaa miaka 108 bila ubingwa, toka 1908 hadi 2016. Mwaka huo mashabiki walienda Wrigley Field na chaki, wakaandika kwa ukuta majina ya baba na babu zao waliokufa wakingoja. Hao ndio waliwafunza kuipenda wakiwa wadogo.

Mimi mzee wangu alinibeba mabegani kutazama AFC Leopards. Ingwe ilipochukua ligi 1998 hata sikuwa nimezaliwa. Sasa nikihama, namwacha nani? Si kocha. Namwacha mzee.

Na wewe, timu yako ulipewa na nani?